Dawa Isikatike: Nasaha kwa Nyumba Zenye Wagonjwa wa Maradhi Marefu

Yako maradhi ambayo mtu huyaugua siku tatu au saba, akanywa dawa, akapona, na maradhi yakasahauliwa. Na yako mengine yakaayo na mtu umri wake wote: shinikizo la damu, kisukari, kifafa, pumu na Ukimwi. Dawa za maradhi haya hazina siku ya kwisha. Mwenye nayo hurudi kliniki mwezi baada ya mwezi, kadi mkononi, akapimwa, akaandikiwa dawa ile ile, akaenda dirishani kuipokea. Safari hii yaonekana ni jambo dogo, walakini uhai wa wengi umo ndani yake, nasi twapenda kuizungumza na kila nyumba.

Natutazame Mlimba, katika bonde la Kilombero. Kutoka huko hadi Ifakara, iliko Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Fransisko, ni zaidi ya kilomita 100. Mlimba kipo kituo cha afya, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, yapita hapo. Lakini si kila dawa ipatikanayo karibu, na masika yakiingia barabara huharibika na mito iteremkayo kutoka milima ya Udzungwa hufurika. Tena watu wa bonde hilo wengi ni wakulima wa mpunga. Ufikapo wakati wa kulima, jamaa nyingi huhamia mashamba ya mbali pamoja na watoto wao, wakakaa vibandani miezi kadhaa, wakipalilia na kuulinda mpunga na ndege na wanyama. Basi mgonjwa atokaye nyumbani na vidonge vya wiki mbili kwenda katika kazi ya miezi mitatu, huyo amekwisha kuikata dawa yake kabla hajashika jembe.

Sababu za watu kuacha dawa ni nyingi, na mojawapo ni kujiona wazima. Mwenye shinikizo la damu mara nyingi hana maumivu yo yote. Amekunywa dawa, kipimo kimeshuka, naye akasema, "Nimepona." Hakupona, dawa ndiyo iliyolizuia shinikizo. Akiiacha, hupanda tena pole pole bila ya kupiga hodi, mpaka siku apatwapo na kiharusi, au moyo na figo zikaharibika. Hapo nauli aliyoiweka akiba haitoshi hata kumfikisha hospitali, na mwenye kuihudumia nyumba sasa ndiye ahudumiwaye.

Jambo hili limejulikana katika nchi hiyo hiyo kwa muda mrefu. Ng'ambo ya mto Kilombero, katika milima ya Mahenge, Daktari Louise Jilek-Aall, mwenyeji wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wagonjwa hao walikuwa wakitengwa, kwani watu walidhani kifafa huambukiza. Walipopata vidonge vya fenobabito kwa utaratibu, wengi wao wakapata nafuu kubwa. Mwaka 1992 daktari huyo, pamoja na Daktari Rwiza, walichapisha habari za wagonjwa 164 waliofuatwa muda wa miaka 30. Wengi walikuwa wamefariki, na vifo vingi vilitokana na kifafa chenyewe. Na waganga watuonya kwamba dawa ya kifafa ikikatwa ghafula, degedege laweza kurudi kwa nguvu, moja juu ya jingine, hata likaua. Tena mgonjwa wa kifafa huweza kuanguka motoni au majini, na bonde la mpunga halikosi maji.

Tufanye nini, basi? Kwanza, tuhesabu. Mwenye kunywa vidonge viwili kila siku, akiwa na vidonge 28, ana siku 14 tu. Asingoje kibaki kimoja. Zinapobaki siku 14 aanze safari ya kliniki, ili mvua au gari likimchelewesha, awe na akiba. Na kabla ya kuhamia shamba, vidonge vihesabiwe kama ihesabiwavyo mbegu.

Pili, tuseme kweli mbele ya mganga. Mwambie, "Nakwenda shamba, sitarudi mpaka baada ya miezi mitatu." Kwa mgonjwa aliye imara huenda akaandikiwa dawa za kutosha. Taratibu za Tanzania zimewaruhusu wanaotumia dawa za Ukimwi, wakiwa hali zao ni imara, kupewa dawa za miezi mitatu au hata sita kwa mara moja. Asiyesema, mganga hatamjua. Na akitaka kumtuma nduguye kumchukulia, aulize mapema kama yafaa, wala asiikimbie siku ya kupimwa.

Tatu, tusiondoke dirishani haraka. Tulinganishe jina, kipimo na idadi na yaliyoandikwa katika kadi. Kidonge kikiwa na rangi au umbo jingine, tuulize hapo hapo. Na tukiambiwa kwamba dawa imekwisha, tusirudi nyumbani kimya. Tuombe cheti cha dawa, twende nacho katika duka lenye kibali. Maduka ya dawa muhimu, ambayo mpango wake ulianza mkoani Ruvuma mwaka 2003, yako hata vijijini, ingawa hayana kila dawa. Lakini kukata kidonge nusu ili kisiishe, au kuazima dawa ya jirani kwa kuwa naye "ana presha," ni hatari; dawa impatanayo yeye yaweza kukudhuru wewe.

Liko na jambo la Ramadhani. Mgonjwa apendaye kufunga asizipange saa za dawa kwa shauri lake mwenyewe, wala asiziache mchana kutwa kisha akazinywa zote wakati wa futari. Amwendee mganga mwezi mmoja au miwili kabla. Dawa nyingine huweza kuhamishiwa futari au daku, lakini za kisukari mara nyingi hutaka kupunguzwa au kubadilishwa, kwani sukari yaweza kushuka mchana hata mtu akazimia. Na mgonjwa aambiwaye asifunge, sheria yetu imekwisha kumpa ruhusa, asione haya.

Mwisho twasema na vijana. Wazee wetu wengi hawayaoni vizuri maandishi madogo ya kadi, na wengine huona haya kuomba nauli. Kijana ajuaye kusoma naishike kadi ya babu na ya bibi, aiandike tarehe ya kurudi ukutani au katika simu yake, na kila Ijumaa avihesabu vidonge vilivyobaki. Katika nyumba iendayo shamba, awepo mmoja ambaye kazi yake yajulikana kuwa ni dawa. Mpunga ukikosa mvua mwaka huu, hulimwa tena mwakani. Lakini mzee aliyepigwa na kiharusi kwa kukosa vidonge vya wiki mbili, hatuna msimu wa kumrudishia nguvu zake.