Baridi Mau Narok: Pasha Nyumba Joto kwa Usalama, Fikisha Ombi Lako kwa Wadi Mapema

Msimu wa Juni hadi Agosti ndio wenye baridi kali Mau Narok. Eneo hili liko zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na nyumba nyingi za mbao na mabati hupoteza joto haraka. Je, kuna msaada wa serikali wa kupasha nyumba joto? Kabla ya kujibu, tuanze na jambo linalohusu uhai.

Usilale na jiko la makaa

Makaa yanapoungua ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksidi. Gesi hii haina rangi wala harufu. Huzuia damu kubeba oksijeni, na aliyelala anaweza kufa bila kuamka. Makaa mekundu yasiyotoa moshi pia ni hatari. Dalili ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kulegea. Ukiziona, toa kila mtu nje, fungua milango na madirisha, na mpeleke aliyeathirika hospitalini mara moja.

Zuia joto lisitoroke

Hewa yenye joto hupanda juu na kupotelea kwenye mabati. Dari, hata ya plaiwudi katika chumba kimoja cha kulala, hupunguza upotevu huo. Ziba nyufa kati ya mbao na chini ya mlango, lakini acha tundu la hewa karibu na paa. Jiko la kuni lenye bomba la kutolea moshi nje ni salama kuliko makaa. Kuni za msituni huokotwa kwa kibali cha Shirika la Huduma za Misitu (KFS).

Pesa hupitia wadi

Pesa za kaunti hutolewa kupitia miradi iliyopangwa, si kwa kumpa mwenye nyumba mmoja mmoja. Kuna njia mbili.

Kwanza, Mpango wa Maendeleo wa Kila Mwaka. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka mpango huo ufike katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Makadirio ya bajeti hufuata kufikia Aprili 30. Kwa hivyo, miezi hii ya baridi ndiyo wakati wa kutoa maoni. Ukingoja hadi Mei, umechelewa.

Pili, mpango wa FLLoCA, unaofadhili miradi ya jamii ya kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi. Mapendekezo hupitia kamati ya wadi ya mipango ya tabianchi. Kikundi kinaweza kupendekeza majiko yanayotumia kuni chache.

Andaeni ombi hivi:

- Tajeni kijiji na idadi ya nyumba.
- Elezeni kinachohitajika, kwa mfano dari au majiko.
- Wekeni makadirio ya gharama kutoka kwa fundi.
- Wekeni majina na sahihi za wanakikundi.
- Mpelekeeni msimamizi wa wadi, na mbaki na nakala iliyopigwa muhuri.

Ombi si hakikisho la kupata pesa, kwani hushindana na barabara, maji na zahanati. Hudhurieni vikao vya maoni mlitetee.

Kutoa maoni ni bure. Anayekuuzia fomu au kudai ada ya kuandikishwa, usimlipe. Mripoti kwa msimamizi wa wadi au kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi (EACC).