Kumbukumbu ya Binadamu na Namna Inavyoweza Kukosea

Mtu aliyeliona tukio kwa macho yake huaminiwa upesi kuliko yule aliyesimuliwa. Mahakamani, barazani na hata nyumbani, neno "nimeona" lina uzito mkubwa. Lakini baina ya kuona na kusimulia kuna daraja lisiloonekana, nalo ni kumbukumbu. Yafaa kujua daraja hilo limejengwaje na ni mahali gani huvunjika, kwani uhuru wa mtu waweza kutegemea uimara wake.

Watu wengi huidhania kumbukumbu kuwa mfano wa kanda ya kunasia sauti, ambayo hurudia maneno yale yale kila inapochezwa. Utafiti wa zaidi ya miaka mia moja umeonyesha kwamba sivyo. Kumbukumbu ina hatua tatu: kupokea habari, kuihifadhi na kuirejesha. Kosa huweza kuingia katika hatua yoyote.

Kupokea na kuhifadhi

Habari mpya hukaa kwanza katika kumbukumbu ya muda mfupi, ambayo nafasi yake ni ndogo. Mwaka 1956 mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, George Miller, alieleza kwamba mtu mzima huweza kushika vitu saba hivi kwa mara moja. Watafiti waliomfuata wameishusha hesabu hiyo hadi kufikia vinne hivi. Ndiyo sababu namba ndefu ya simu hushikika kwa urahisi zaidi ikigawanywa mafungu, na shairi lenye mizani na vina hukaa kichwani kuliko maneno yaliyotawanyika.

Ili habari idumu, hapana budi ubongo wenyewe ubadilike. Ubongo wa binadamu una seli za neva zipatazo bilioni 86, na kila seli huungana na nyingine nyingi. Eric Kandel, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2000, alichunguza konokono wa baharini na kugundua kwamba funzo la muda mfupi hubadili nguvu ya viungo vilivyopo baina ya seli, lakini funzo la kudumu huhitaji protini mpya na viungo vipya.

Sehemu ya ubongo inayohusika sana na kazi hiyo huitwa hipokampasi. Umuhimu wake ulidhihirika kwa masikitiko. Mwaka 1953, mjini Hartford, Marekani, daktari William Scoville alimpasua Henry Molaison, kijana wa miaka 27 aliyeteswa na kifafa, akaondoa sehemu kubwa ya hipokampasi katika pande zote mbili. Kifafa kilipungua, lakini kijana huyo hakuweza tena kuhifadhi habari za matukio mapya. Aliukumbuka utoto wake, ila mtafiti Brenda Milner, aliyemchunguza kwa miaka mingi, alikuwa kwake mgeni kila walipokutana.

Hata hivyo, Milner alipompa kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake katika kioo, Molaison aliendelea kuwa hodari siku baada ya siku, ingawa hakukumbuka kuwahi kuifanya kazi hiyo. Hivyo ikafahamika kwamba kumbukumbu ni za aina mbalimbali: kumbukumbu ya matukio ni nyingine, na ya ustadi wa viungo, kama vile kuendesha baiskeli, ni nyingine. Molaison alifariki mwaka 2008.

Kusahau

Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijifanyia majaribio kwa kujifunza silabi zisizo na maana, akatoa matokeo yake mwaka 1885. Aliona kwamba zaidi ya nusu ya alichojifunza ilipotea katika saa ya kwanza, kisha upotevu ukapunguza kasi. Aidha, aligundua kwamba marudio yaliyoachanishwa kwa siku kadhaa yalimfaa kuliko marudio mengi ya mfululizo. Kanuni hii haiwezi kuwa ngeni kwa mwanafunzi wa madrasa anayehifadhi Kurani: alichokihifadhi jana hukidurusu leo, na hukirudia tena baadaye.

Kukumbuka kisichokuwapo

Kusahau ni kosa linalojulikana na mwenyewe. Kosa la hatari zaidi ni lile ambalo mwenyewe halijui. Mwaka 1932 Frederic Bartlett wa Cambridge, Uingereza, alieleza jinsi alivyowapa watu ngano ya wenyeji wa Amerika ya Kaskazini waisome na kuisimulia tena. Kila walipoirudia waliipunguza na kuifananisha na mambo waliyoyazoea. Mtumbwi ukageuka mashua. Hawakukusudia kudanganya. Akili huchukua vipande ilivyobakiwa navyo na kujaza mapengo kwa yale inayoyaona kuwa yanaelekea.

Hata swali laweza kujaza pengo. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu ya ajali ya magari. Baadhi waliulizwa mwendo wa magari "yalipogongana", wengine, "yalipopondana". Baada ya juma moja wote waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Filamu haikuwa na vioo vilivyovunjika, lakini wanafunzi 16 kati ya 50 waliosikia neno zito walisema waliviona, na 7 kati ya 50 waliosikia neno jepesi.

Madhara yake si ya darasani tu. Mwaka 1985, katika jimbo la North Carolina, Marekani, Ronald Cotton alihukumiwa kifungo kwa kosa la ubakaji baada ya mwathirika kumtambua, kwanza katika picha na kisha katika gwaride. Shahidi huyo hakuwa mwongo. Aliamini kabisa alichokisema. Mwaka 1995 uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba mhalifu alikuwa mtu mwingine, na Cotton akaachiliwa baada ya kufungwa zaidi ya miaka kumi. Kumbe uthabiti wa shahidi si kipimo cha ukweli.

Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitoa tahadhari ya namna hiyo mwaka 1980, katika shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri. Ilisema kwamba ushahidi wa utambuzi kwa macho ni dhaifu, usitegemewe mpaka uwezekano wa makosa uondolewe. Yachunguzwe muda ambao shahidi alimtazama mtu, umbali, mwanga, na kama alimfahamu kabla. Sayansi huongeza mambo mengine: maelezo yaandikwe mapema, maswali yasitie maneno kinywani mwa shahidi, na anayesimamia gwaride asijue mshukiwa ni nani.

Ugonjwa na kumbukumbu

Kusahau jina na kulikumbuka baadaye ni jambo la kawaida uzeeni. Kupotea katika njia ya kila siku, au kuuliza swali lile lile mara nyingi, huweza kuwa dalili ya ugonjwa. Ugonjwa wa Alzheimer, ambao daktari Alois Alzheimer aliueleza mwaka 1906, huharibu seli za ubongo hatua kwa hatua, na mpaka leo hauna dawa ya kuuponya kabisa. Lakini upungufu wa vitamini B12 au hitilafu ya tezi ya shingo pia huweza kudhoofisha kumbukumbu, na hayo hutibika. Kwa hiyo mzee wa namna hiyo apelekwe hospitali. Asisingiziwe uchawi wala kudhaniwa mkaidi.

Kumbukumbu, basi, haistahili kudharauliwa, wala kuaminiwa pasipo kupimwa. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ndivyo ilivyo kwa ushahidi pia: ulioandikwa siku ile ile una thamani kuliko ule uliorudiwa kwa mdomo mwaka mzima.