Kosa ya Kiwanda ao Kazi ya Tupa?

Wandugu wanafunzi, mutu akikuletea ile feza ya chuma ya Katanga, franka 5 ya 1961, yenye picha ya ndizi na msalaba, imekatika kando, na anaomba bei kubwa, usilipe mbio. Sisi wa Kakanda tunajua shaba, tuangalie kwanza.

Kiwandani mashini inakata viduara ndani ya bamba. Ikikata vibaya, kiduara kinakosa kipande mbele ya kupigwa picha. Halafu, kikipigwa, mara nyingi ukingo wa ngambo ingine, unaotazamana na pengo, haujai vizuri. Hiyo ni kosa ya kweli.

Lakini kama ukingo ule umejaa, na pengo liko na mikwaruzo, ni tupa tu. Tusidanganyike, wala tusidanganye wenzetu.