Fahamu: Masomo ya Mbali, ya Moja kwa Moja au ya Kurekodi?

Korona ilipofunga shule Machi 2020, watoto wa Kianjai, Meru, kama wenzao kote Kenya, waliwekewa vipindi vya KICD, taasisi ya ukuzaji mitaala, redioni na kwenye runinga ya Edu Channel. Aliyetumwa kukata majani ya ng'ombe saa ya kipindi alikikosa.

Hapo ndipo penye uamuzi mkubwa. Somo la video la moja kwa moja humpa mwanafunzi jibu papo hapo, lakini hula bando na hukatika mtandao ukiyumba. Lililorekodiwa hupakuliwa mara moja, likatazamwa usiku kazi zikiisha.

Uamuzi huo haukuisha na korona: Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopewa hati ya kuanzishwa 2023, hufundisha mtandaoni. Kozi ya mtandaoni inayofaa huchanganya njia zote mbili: rekodi za wiki nzima, kisha saa ya maswali jioni.

SMS isidharauliwe: huduma ya Shupavu 291 ilifikisha masomo hata kwenye kabambe, simu ya kawaida isiyo ya kisasa.