Mijusi Wawili, Sanduku Moja

Fahali wawili hawakai zizi moja, walinena wahenga. Mwalimu wa Ndalu anayenuia kuwafungia mijusi wawili sandukuni kwa ajili ya somo la sayansi na aikumbuke methali hiyo.

Wanafunzi humwona mjusi dume mwenye kichwa cha buluu shinani mwa mti, akitikisa kichwa juu na chini. Ishara hiyo si salamu. Ni tangazo la milki. Dume ashindwaye rangi yake hufifia, naye hujitenga. Mtini ana pa kukimbilia, sandukuni hana.

Binamu yake wa Australia, mjusi mwenye ndevu afugwaye majumbani ng'ambo, huupunga taratibu mguu wa mbele kukiri unyonge. Mwenziwe akimlalia mgongoni, watu husema wanapendana. La hasha! Aliye juu amemnyang'anya joto, na pengine chakula pia. Mnyonge hudhoofu pasipo vita.

Utulivu, basi, si ushahidi wa amani. Kila mjusi apewe sanduku lake, ama arudishwe mtini. Nawe mwalimu, ukiisha kumtazama mjusi anyamazaye, mtazame pia mwanafunzi anyamazaye bwenini.