Njia za Waendao kwa Miguu na Miti ya Barabarani katika Mitaa Mipya

Mji wa Zanzibar umekwisha kuandaliwa mipango mikuu kadhaa, ikiwemo ya mwaka 1923, 1958, 1968 na 1982. Hata hivyo, mitaa mingi ya pembezoni imekua kwa kasi kuliko ramani zilizokusudiwa kuiongoza. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,303,569 katika Zanzibar nzima. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 1,889,773. Ongezeko hilo linahitaji nyumba, na mashamba yaliyo karibu na mji yanaendelea kukatwa viwanja. Katika ukataji huo, jambo linalosahauliwa mara kwa mara ni nafasi ya mtu aendaye kwa miguu, pamoja na mti wa kumpa kivuli.

Umuhimu wa kutenga nafasi mapema

Barabara ya gari inaweza kutiwa lami miaka mingi baada ya nyumba kujengwa. Njia ya miguu haiwezi kusubiri hivyo, kwani sehemu yake ikishachukuliwa na ukuta, baraza, karo au fremu ya duka, kuirejesha hulazimu kubomoa na kulipana fidia. Kwa sababu hiyo, mahali pa kuamua upana wake ni kwenye ramani, kabla ya kiwanja cha mwanzo kukabidhiwa mwenyewe.

Hesabu ya barabara ya mita 12

Mfano ufuatao unafafanua jambo hilo. Mtaa ukitengewa mita 12 kutoka ukuta hadi ukuta, mita 6 hutosha gari mbili kupishana. Kila upande hubakia mita 3, ambazo zinaweza kugawiwa mita 1.2 za ukanda wa miti na mita 1.8 za njia ya miguu. Upana wa mita 1.8 huwawezesha watu wawili wenye viti vya magurudumu kupishana bila ya kuteremka barabarani.

Mwenye nyumba mmoja akisogeza ukuta wake mita 1 tu, njia hiyo hubakia sentimita 80. Upana huo haumtoshi vyema mwenye kiti cha magurudumu wala mama aliyemshika mtoto mkono, na wanafunzi waendao skuli hulazimika kupita barabarani pamoja na magari. Ukuta umesogezwa na mtu mmoja, lakini njia imekatika kwa mtaa mzima.

Pale njia inapokutana na barabara, ukingo unatakiwa uteremshwe kwa mteremko usiozidi sentimita 1 ya kimo kwa kila sentimita 12 za urefu. Mtaro wa maji ya mvua ukipita chini ya njia, ufunikwe kwa mifuniko imara inayoweza kuinuliwa wakati wa kusafisha kabla ya Masika.

Uchaguzi wa miti

Kivuli cha barabarani si jambo geni Visiwani. Miembe ya Bi Khole, huko Bungi, ilipandwa katika karne ya 19 kandokando ya njia, na hadi leo msafiri huitambua kwa ubaridi wake. Lakini mwembe huhitaji nafasi kubwa, hivyo haufai katika mtaa mwembamba. Mkungu hupukutisha majani mapana yanayoweza kuziba mitaro. Mkrismasi una mizizi inayotambaa juu juu na kuinua matofali ya njia. Mwarobaini huhimili ukame, ila nao upandwe mbali na karo na mabomba ya maji. Chini ya nyaya za umeme ipandwe miti mifupi pekee.

Masafa ya mita 8 hadi 10 baina ya mti na mti huwafaa miti mingi ya kivuli. Karibu na makutano ya barabara pasipandwe mti, ili dereva aweze kuona. Katika ardhi ya mawe, shimo lichimbwe kwa upana wa kutosha na lijazwe udongo mzuri, kwani mche uliochomekwa katika ufa wa jiwe hudumaa. Upandaji ufanywe Masika yanapoanza, na mche uzungushiwe kizuizi cha mbuzi na umwagiliwe maji katika kiangazi cha miaka miwili ya mwanzo.

Wajibu wa kila upande

Wapimaji na watoaji wa vibali vya ujenzi wanakumbushwa kuwa mstari wa njia ya miguu una uzito sawa na mpaka wa kiwanja. Mwananchi anayetarajia kununua kiwanja au kujenga anashauriwa kuiona ramani ya mtaa na kuonyeshwa mipaka kabla ya kuchimba msingi. Masheha nao wanaombwa kutoa taarifa mapema pale ujenzi unapovuka mpaka, kwani msingi husimamishwa kwa urahisi zaidi kuliko nyumba iliyokwisha kuezekwa.