Je, Wajua? Mlinzi Asiyetofautisha Usingizi na Kifo

Je, wajua kwamba kifaa kinaweza kuuawa usingizini na saa ileile iliyowekwa ndani yake ili kukiokoa?

Katika ruta, kamera za ulinzi na mitambo mingi ya viwandani hukaa saa ndogo ambayo mafundi huiita wachidogi. Huhesabu kurudi nyuma, na ikifika sifuri hukiwasha upya kifaa kizima bila kuuliza. Programu iliyo hai huilisha kila mara, yaani huirudisha mwanzo kabla haijafika huko. Programu ikikwama, mlishaji hayupo tena. Kifaa kinajiwasha upya na kurudi kazini, hata kama kimefungwa juu ya mlingoti ambako hakuna fundi wa kupanda kubonyeza kitufe.

Tabu huanza kifaa kinapolala ili kutunza betri. Prosesa imesimama, programu zimeganda, chakula hakiji. Saa nayo mara nyingi ina osileta yake yenyewe, isiyotegemea saa kuu ya prosesa. Imefanywa hivyo kwa makusudi, ili ajali ya prosesa isiizime. Basi inaendelea kuhesabu. Kwake, aliyelala na aliyekufa ni mamoja.

Je, wajua kwamba kwenye chipu za i.MX6 za NXP usingizi wa dakika moja unaweza kupita salama, na wa dakika tatu ukaishia kwa kifaa kuwashwa upya? Sehemu ya rejista inayopanga muda ina biti 8, na kila hatua ni nusu sekunde, kwa hiyo kikomo ni sekunde 128. Draiva ya Linux ya saa hiyo, kifaa kinapokwenda kulala, huinyoosha hadi kikomo hicho na kuilisha mara ya mwisho. Huko ni kununua muda tu. Dawa yenyewe ni biti iitwayo WDZST, ambayo huisimamisha saa wakati chipu imelala. Linux huiwasha, ila biti hiyo huandikwa mara moja tu: programu inayotangulia kuamsha mfumo ikishaiandika sifuri, Linux ikija baadaye haina la kubadili.

Hapo ndipo hitilafu hii inapopenya majaribio. Mjaribu anakilaza kifaa, anasubiri nusu dakika, anakiamsha, anaandika kwamba kiko sawa. Mteja anakilaza usiku kucha. Kinawashwa upya na kubaki macho; asubuhi anakuta betri imekwisha, na kumbukumbu za matukio hazimwelezi kitu, kwa kuwa hakuna programu iliyokuwa macho kuandika.

Mpangilio wa kulala nao una mtego wake. Linux hugandisha kwanza programu za kawaida, kisha hulaza vifaa vya ndani kimoja baada ya kingine. Ikiwa mlishaji ni mojawapo ya programu hizo, saa huanza kula akiba yake kabla mfumo haujalala kabisa. Wakati wa kuamka mambo huenda kinyume: draiva inapaswa kuilisha saa mapema, kabla mlishaji hajaachiliwa. Aliyepanga muda wa sekunde mbili tatu, akidhani ameongeza usalama, huenda asifike mwisho wa safari hiyo.

Je, wajua kwamba saa ya IWDG kwenye chipu za STM32, ikishaanza, haiwezi kusimamishwa na programu? Inakwenda kwa osileta ya takriban kilohezi 32, na kwenye nyingi ya chipu hizo muda wake mrefu kabisa ni kama sekunde 32. Kwenye baadhi ya matoleo ya zamani, kifaa kinachotaka kulala saa nzima hulazimika kuamshwa na saa ya kalenda kila baada ya sekunde ishirini na kitu, kulisha, kisha kulala tena. Matoleo ya baadaye yaliongeza mpangilio wa kuigandisha usingizini. Binafsi naupenda ule ukaidi. Mlinzi anayeweza kufukuzwa na programu iliyochanganyikiwa ana faida gani?

Wapo waliomgeuza mlinzi kuwa mwamshaji. ATmega328P, chipu ya Arduino Uno, huruhusu saa yake itoe ishara ya kuamsha badala ya kuwasha upya, hadi kila sekunde 8. Bei yake ni umeme: kwa volti 3, kitabu cha maelezo cha chipu kinataja maikroampea 0.1 katika usingizi mzito saa ikiwa imezimwa, na 4.2 ikiwa inakwenda.

Kompyuta ya Apollo iliyowapeleka watu Mwezini ilikuwa na mlinzi wa namna hii, jina lake Mlinzi wa Usiku. Programu isipoigusa anwani fulani ya kumbukumbu kwa muda wa sekunde moja hivi, kompyuta ilianza upya. Ilikuwa pia na hali ya kusinzia ili kupunguza umeme.

Njia ya mkato, bila shaka, ni kutomtumia mlinzi kabisa. Tarehe 7 Mei 1994 kompyuta ya chombo cha Marekani Clementine, kilichokuwa kimemaliza kuuchora Mwezi, iliharibikiwa huku injini ndogo zikifyatua hadi mafuta yao yakaisha. Chombo kikabaki kikizunguka kama mara 80 kwa dakika, na safari ya kwenda asteroidi Geographos ikafutwa. Prosesa yake ilikuwa na saa ya ulinzi. Programu haikuitumia.

Na chipu za nRF52 za Nordic? Hizo humwachia msanifu achague mapema: chipu ikilala, saa iendelee au itulie. Kuilisha si kwa namba yoyote, bali 0x6E524635 peke yake. Isome kama herufi za ASCII, utapata nRF5.